Karotini ya viazi lishe hupotea kabla haijaiona mashine

Ndani ya faneli ya kutenganishia kuna mililita 40 za petroli etha. Juu yake imemiminwa sehemu ndogo ya asetoni iliyobeba karotini, ile rangi ya kiazi lishe (kiazi kitamu chenye nyama ya chungwa), na sasa ni zamu ya maji safi ya maabara, yapata mililita 300. Yakiachwa yateleze polepole kwenye ukuta wa kioo, tabaka mbili hujitenga zenyewe: chini maji na asetoni, karibu hayana rangi, juu etha, rangi ya chungwa iliyokolea.

Yakimwagwa kwa haraka, au faneli ikitikiswa, katikati hujitokeza utando mzito kama povu la maziwa. Rangi hunaswa humo. Haipandi wala haishuki.

Hapo mpimaji ana njia mbili. Asubiri, aongeze maji ya chumvi kidogo, autazame utando ukivunjika. Au afungue koki, amwage tabaka la chini pamoja na utando wake, aendelee na kazi. Akichagua ya pili, sehemu ya karotini imekwenda na sinki, na hakuna kifaa mbele ya safari kitakachogundua.

HPLC, mashine inayotenganisha viambato kwa kuvisukuma ndani ya bomba liitwalo kolamu, haitagundua. Spektrometa ya masi, inayopima uzito wa molekyuli, haitagundua.

Kwa wiki kadhaa sasa jambo hili halijaniondoka akilini, tangu niviweke pamoja vipeperushi viwili vinavyosifu viazi lishe vya aina moja. Kila kimoja kimetoa kiwango cha beta-karotini, aina ya karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, na kiwango cha kimoja ni zaidi ya mara tatu ya kingine. Vyote viwili vinasema kipimo ni cha HPLC, kana kwamba jina la mashine ni mhuri unaofunga mjadala.

Inawezekana kabisa kwamba vyote viwili viko sahihi. Hilo ndilo linalonisumbua.

## Kiazi kimoja, majibu manne

Tuchukue mfano wa kuhesabia. Gramu 2.5 za kiazi kibichi zimesagwa, rangi yote imehamia kwenye etha, etha imejazwa hadi mililita 50 na kusomwa kwenye spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga uliofyonzwa, kwa nanomita 450. Ufyonzaji wa mwanga ni 0.518. Beta-karotini ikiwa ndani ya petroli etha ina namba yake inayojulikana, 2592: ndio ufyonzaji ambao mmumunyo wa asilimia moja ungeutoa kwenye kuveti (kichupa cha kusomea) ya sentimita moja. Zidisha 0.518 kwa 50 kwa 10,000, kisha gawanya kwa 2592 iliyozidishwa kwa 2.5. Unapata mikrogramu 40 kwa kila gramu, yaani 4,000 kwa gramu 100.

Ikiwa asilimia 30 ya kiazi hicho ndiyo isiyo maji, 40 ile inageuka 133 kwa gramu kavu. Hakuna kilichoongezeka. Maji tu yametolewa kwenye hesabu.

Halafu kuna vitamini A. Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliamua kwamba mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula zihesabiwe kuwa sawa na mikrogramu 1 ya retinoli, yaani vitamini A yenyewe. FAO na WHO wanagawanya kwa 6. Gramu 100 zilezile za kiazi kibichi zinakuwa 333 kwa hesabu moja na 667 kwa nyingine. Mahitaji nayo yanatofautiana: mtoto wa mwaka 1 hadi 3 amewekewa 300 kwa siku kwa hesabu ya Marekani, na 400 kwa hesabu ya FAO na WHO. Anayegawanya kwa kanuni ya huku halafu akalinganisha na mahitaji ya kule anaweza kumwambia mama kwamba kipande kimoja cha kiazi kinamtosha mwanawe siku mbili.

Kwa hiyo kipeperushi kinachotaja kiwango bila kusema ni kibichi au kikavu, na bila kusema kimegawanywa kwa ngapi, bado hakijasema kitu. Lakini hilo ni la karatasi, na linarekebishika kwa kalamu. Upotevu wa maabara haurekebishiki.

## Kabla ya asetoni

Kiazi kimoja si sampuli. Karotini haijagawanyika sawasawa ndani ya kiazi, na viazi vya shina moja hutofautiana. Utaratibu unaofuatwa na wengi wanaopima mazao yaliyoongezwa lishe ni kuchukua angalau viazi vitatu hadi vitano, vidogo, vya kati na vikubwa, kuviosha, kuvimenya, kuvikata kwa urefu vipande vinne, kisha kuchukua robo mbili zinazotazamana kutoka kila kimoja. Robo hizo zote husagwa pamoja, zikachanganywa, na kutoka humo ndipo hupimwa gramu 2 hadi 5.

Saa inaanza kuhesabu pale kisu kinapogusa kiazi. Seli zikishavunjika, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa na karotini vinaifikia, na oksijeni inaingia. Rojo ya viazi iliyoachwa mezani wakati watu wanakula chakula cha mchana si sampuli ileile watakapoirudia. Kama uchambuzi hauwezi kumalizika siku hiyo, ni heri kuacha viazi vizima, baridi na gizani, kuliko kuvisaga mapema na kuamini jokofu.

Mwanga nao hufanya kazi yake kimyakimya. Mapazia yafungwe, taa zipunguzwe au ziwekwe za njano, vyombo viwe vya kioo cha kahawia au vifungwe kwa karatasi ya aluminiamu. Mimi naona hapa ndipo maabara nyingi huregea, kwa sababu mwanga hauachi alama. Karotini haipauki mbele ya macho yako ndani ya dakika kumi. Inachofanya ni kubadilika umbo, na hilo utaliona baadaye kwenye kromatogramu, mchoro wa vilele unaotolewa na HPLC, au hutaliona kabisa, kutegemea na kolamu uliyonayo.

Viyeyushi pia vina tabia zao. Klorofomu ya siku nyingi huwa na mabaki ya asidi, na asidi huipinda na kuivunja karotini. Etha zilizokaa, hasa tetrahidrofurani, hutengeneza peroksidi zinazoichoma. BHT kidogo, kizuia oksijeni, asilimia 0.1, ndani ya kiyeyushi husaidia kuikinga.

## Kinu na subira

Rojo iliyopimwa huwekwa kwenye kinu cha kaure pamoja na gramu tatu hivi za selaiti, unga wa kusaidia kuchuja, na mililita 50 za asetoni iliyotoka kwenye jokofu. Inatwangwa, inachujwa kwa mvuto wa pampu, mabaki yanarudishwa kinuni, asetoni mpya inaongezwa. Mara tatu, mara nne. Kipimo cha kuacha si idadi ya mara, ni rangi. Mabaki yakiwa bado na wekundu, kazi haijaisha.

Kwa unga mkavu kuna hatua ambayo watu wengi huiruka. Asetoni haipenyi vizuri kwenye seli iliyokauka na kusinyaa. Unga, gramu moja au pungufu, ulowekwe kwanza kwenye maji, mililita 10 kwa muda wa nusu saa, ndipo asetoni ifuate. Asiyeloweka atapata mabaki yanayoonekana meupe mapema na kuamini amemaliza, kumbe rangi imebaki ndani ya chembe.

Baada ya kuhamishia kwenye petroli etha huja uoshaji. Maji mililita 200, mara tatu au nne, bila kutikisa, mpaka asetoni yote iondoke. Asetoni iliyobaki huvuruga ujazo na huvuruga usomaji. Kisha etha inapitishwa kwenye sodiamu salfeti kavu, gramu 15 hivi, ili ifyonze maji yaliyosalia, na chembe hizo zisuuzwe kwa etha mpaka ziwe nyeupe tena.

Kwenye viazi lishe, kupika na alkali hakuhitajiki. Karotini yake haijafungwa na asidi za mafuta, na wanga hauisumbui HPLC baada ya kuhamia kwenye etha. Papai ni habari nyingine: beta-kriptoksanthini yake, rangi ya jamii moja na karotini, nyingi imefungwa na asidi za mafuta kama esta, na bila alkali utapata msitu wa vilele usiosomeka. Mawese nayo yanahitaji alkali ili mafuta yaondoke. Lakini kila hatua inayoongezwa ina ada yake, na luteini, rangi nyingine ya jamii hiyo, ndiyo hulipa zaidi kwa kuwa huyeyuka kiasi ndani ya maji ya kuoshea. Anayepika kila sampuli na alkali kwa mazoea tu anajipotezea.

## Stendadi ya ndani haikuwahi kuwa ndani

Jibu la kawaida mtu akitilia shaka upotevu huu ni: tunaweka stendadi ya ndani. Kiasi kinachojulikana cha beta-apo-8'-karotenali, rangi inayofanana na karotini, huongezwa mwanzoni, hupita hatua zote pamoja na sampuli, na mwishoni huangaliwa kimebaki kiasi gani. Kama asilimia 90 imefika, basi karotini ya kiazi nayo hugawanywa kwa 0.9.

Nililikubali jibu hili kwa muda mrefu bila kulichunguza.

Shida ni kwamba apo-karotenali inaingia ikiwa tayari imeyeyuka. Haikuwahi kukaa ndani ya seli ya kiazi. Ikimwagwa na ule utando wa faneli, itatoa taarifa. Ikiungua kwenye mwanga, itatoa taarifa, ingawa haiungui kwa kasi ileile. Lakini kama nusu ya karotini imebaki kwenye mabaki kinuni, apo-karotenali haijui lolote. Yenyewe imefika salama, asilimia 98, na ripoti inang'aa.

Kinachofaa hapo ni vitu viwili vya kizamani. Kwanza, chukua mabaki yaliyodaiwa kuwa meupe, yatwange tena kwa asetoni mpya, usome kilichotoka. Kikiwa zaidi ya asilimia moja au mbili ya jumla, rudi nyuma. Pili, pima pamoja na sampuli chakula ambacho kiwango chake kimeshathibitishwa, kama SRM 2383 ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ambayo ni mchanganyiko wa chakula cha watoto. Hata hicho tayari ni rojo laini, rahisi kuliko unga wa viazi, ila ni bora kuliko kujithibitisha mwenyewe.

## Kilichochemshwa kina zaidi?

Hapa ndipo mtu anayeanza kazi hii hupata mshtuko wa kwanza. Anapima kiazi kibichi, anapima kilichopikwa, na kilichopikwa kinatoka na karotini nyingi zaidi.

Moto haukutengeneza karotini. Umelainisha kuta za seli, kwa hiyo asetoni imeingia kwa urahisi; umeua vimeng'enya, kwa hiyo hakuna kilichokuwa kikiila wakati wa kusaga. Na kama kiazi kimechomwa, maji yamekwenda na kila gramu imekuwa nzito kwa karotini.

Dawa ya sehemu ya mwisho ni kupima uzito wa kiazi kizima kabla na baada. Tuseme gramu 100 zenye mikrogramu 40 kwa gramu zimechomwa zikabaki gramu 75, na sasa kila gramu ina 46. Ukilinganisha 46 na 40 utasema karotini imepanda kwa asilimia 15. Ukizidisha kwa uzito, 46 mara 75 ni 3,450, dhidi ya 4,000 za mwanzo: imebaki asilimia 86. Kati ya habari hizo mbili, moja ni ya kweli.

Dawa ya sehemu ya kwanza ni ngumu zaidi, kwa sababu kosa liko kwenye kibichi. Kama kibichi hakikutolewa rangi yote, basi kila tafiti ya upishi iliyojengwa juu yake imeanza na msingi mfupi, na upishi unaonekana mpole kuliko ulivyo.

## Kolamu

Karotini ni miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa kutenganishwa kwa njia hii. Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, aliieleza Warsaw mwaka 1903 akitumia rangi za majani, akizipitisha kwenye bomba la kioo lililojazwa unga mpaka zikajipanga kwa mistari. Miaka mingi wanakemia hawakumjali. Mwaka 1931 Richard Kuhn na Edgar Lederer, Heidelberg, walitumia njia hiyohiyo kuonyesha kwamba karotini iliyodhaniwa kuwa kitu kimoja ilikuwa na sehemu zaidi ya moja, alfa na beta.

Kolamu ya C18 iliyo kwenye maabara nyingi hutenganisha alfa na beta, lakini huelemewa na maumbo. Beta-karotini ya kiazi kibichi karibu yote imenyooka, umbo ambalo wanakemia huliita trans. Joto, mwanga na asidi huipinda mahali fulani, ndipo hupatikana maumbo ya cis, hasa lile la 13 na la 9. Kwa hesabu ya vitamini A yaliyopinda huhesabiwa nusu. Kolamu ya C30, iliyobuniwa kwa ajili ya karotinoidi (jamii nzima ya rangi hizi) na watafiti wa NIST mwaka 1994, huyatenganisha: la 13 hutangulia, alfa-karotini hufuata, kisha beta iliyonyooka, na la 9 huja nyuma yake. Urefu wa kawaida ni milimita 250 kwa 4.6, kiyeyushi ni methanoli na etha ya MTBE, mililita moja kwa dakika, detekta kwenye 450. Kolamu ikiwa baridi kidogo, nyuzi 20 badala ya 35, maumbo huachana vizuri zaidi.

Maumbo yaliyopinda hujitambulisha pia kwa mwanga: kilele kidogo cha ziada karibu na nanomita 340, kilichokomaa hasa kwenye lile la 13. Detekta inayosoma mawimbi mengi kwa pamoja hukionyesha bila gharama ya ziada.

Hitilafu moja ya hapa huwapotezea watu siku nzima. Sampuli imekaushwa kwa naitrojeni, ikayeyushwa upya ndani ya kiyeyushi kikali kama dikloromethani, kisha ikasukumwa kwenye kolamu ambamo methanoli ndiyo inayotiririka. Kilele hutoka na bega, au hupasuka mara mbili, na mtu anaandika kwamba ameona isoma mpya, yaani umbo jipya. Si isoma. Ni karotini ileile iliyokimbia mbele ndani ya kiyeyushi chake kabla ya kushika kolamu. Punguza ujazo wa kuingiza hadi mikrolita 10, au yeyusha kwa mchanganyiko uleule unaotiririka, na "isoma" itatoweka.

Na stendadi yenyewe isiaminiwe kwa maandishi ya chupa. Fuwele za beta-karotini huharibika hata kwenye friza. Yeyusha, soma kwa 450, pata kiwango halisi kwa 2592, kisha ingiza kwenye HPLC uone ni sehemu gani ya kilele ni beta iliyonyooka. Usomaji ukitoa mikrogramu 5.0 kwa mililita na usafi ukiwa asilimia 92, unayo 4.6, wala si 5.0. Mstari wote wa kulinganishia umesimama juu ya hapo.

## Masi ileile

Watu huwaza kwamba spektrometa ya masi ndiyo hakimu wa mwisho: inapima uzito wa molekyuli, basi inajua molekyuli ni ipi. Kwa karotini hali si hiyo.

Beta-karotini ni C40H56. Alfa-karotini ni C40H56. Laikopini ya nyanya ni C40H56. Zote tatu, zikishika protoni, husimama kwenye masi ya 537. Maumbo yaliyopinda na lililonyooka yote ni 537. Mashine ikipewa mchanganyiko wao bila kolamu mbele yake, itaona kitu kimoja.

Inabidi izivunje. Alfa-karotini ina pete moja ambayo hukatika na kudondosha 56, kwa hiyo kutoka 537 hupatikana 481. Beta haitoi kipande hicho kwa namna hiyo, na wengi huifuatilia kwa kipande cha 177. Laikopini, ambayo haina pete kabisa mwishoni, hudondosha 69. Luteini na zeaksanthini nazo ni ndugu wa masi moja, 569, lakini luteini huachia maji upesi mno hivi kwamba kilele chake kikubwa ni 551, wakati zeaksanthini hubaki zaidi kwenye 569. Kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za kazi hii: molekyuli mbili zilizo sawa kwa kila atomi, zikatofautishwa na mahali pamoja tu pa kifungo maradufu.

Namna ya kuzipa chaji nayo ina uzito. Karotini tupu haina oksijeni wala naitrojeni ya kukamatia protoni, kwa hiyo njia ya ESI iliyozoeleka kwa dawa na protini huifanyia kazi vibaya. APCI, inayovukiza kila kitu kwa joto na kuchaji kwa cheche ya sindano, ndiyo huchaguliwa na wengi.

Uchafu hujificha kwenye masi pia. Kilele cha 391 kisichotaka kuondoka kila unapoendesha kimetoka, mara nyingi sana, kwenye plastiki: ni ftaleti, kilainisha plastiki, kutoka kwenye mirija na vifuniko. Tumia kioo. Na chochote kinachotoka kwenye kolamu sambamba na karotini kinaweza kuiba chaji na kushusha kilele chake, hivyo stendadi ipimwe ndani ya dondoo la viazi vyeupe visivyo na karotini, wala isiwe ndani ya kiyeyushi kitupu peke yake.

Umeme ukikatika pampu ya ombwe husimama, na kuirudisha hali ya ndani ya mashine huchukua saa nyingi. Sampuli zilizopangwa foleni usiku huo zitakuwa zimekaa kwenye trei zikijipinda.

## Ni lini inahitajika

Baada ya kusema yote hayo, msimamo wangu kuhusu viazi lishe ni huu: kwa kiazi kibichi au kilichotoka jikoni, spektrofotometa na mkono makini vinatosha.

Sababu ni kiazi chenyewe. Zaidi ya asilimia 80 ya karotinoidi zake, na mara nyingi zaidi ya 90, ni beta-karotini iliyonyooka. Ukisoma jumla yote kwa 450 na kuiita beta-karotini, umekosea kidogo, chini ya kosa la kuchagua robo za kiazi vibaya. Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade na Jan Low, waliopata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 pamoja na Howarth Bouis, wametumia miaka mingi kwenye zao ambalo rangi yake inasema karibu ukweli wote. Ndiyo maana CIP, kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi, kimeweza kutumia kadi za rangi na mwanga wa infraredi kuchuja mbegu nyingi kwa haraka.

Mahindi ya njano hayana heri hiyo. Zambia iliidhinisha mahindi ya rangi ya chungwa mwaka 2012, na ndani yake wamo luteini na zeaksanthini, zisizo na vitamini A hata chembe, pamoja na beta-kriptoksanthini na beta-karotini. Spektrofotometa huzisoma zote kama kundi moja. Hapo HPLC ni lazima.

Mawese ya Kigoma yako katikati. Takribani theluthi ya karotini yake ni alfa, yenye nusu ya thamani ya beta. Anayesoma jumla na kugawanya kwa 12 anayaongezea mawese sifa yasiyokuwa nayo, ingawa yanazo za kutosha.

Sasa maabara ya wilaya ikiniuliza inunue nini kwanza, ningesema mizani nzuri, faneli, pampu ya kuchujia, na friza isiyozimika. Kolamu ya C30 baadaye.

## Unga uliokaa

Pale ambapo viazi lishe vinahitaji kweli mashine kubwa ni ghalani. Michembe iliyokatwa mbichi na kuanikwa, matobolwa yaliyochemshwa kwanza, na unga unaotokana na vyote: vikikauka karotini yake hubaki wazi kwa hewa kwa miezi. Tafiti za Afrika Mashariki zimeonyesha kwamba upotevu wa kuhifadhi unaushinda upotevu wa kuanika. Watu wamehangaika na kivuli cha kichanja, kumbe wizi mkubwa uko kwenye gunia.

Oksijeni inapoishika beta-karotini, moja ya bidhaa za mwanzo ni epoksidi yake ya 5,6. Hii bado ina rangi. Kwenye spektrofotometa itahesabiwa kuwa beta-karotini, kwa hiyo unga unaozeeka utaonekana mzima kuliko ulivyo. Kwenye spektrometa ya masi inasimama 553, atomi moja ya oksijeni juu ya 537, na haijifichi. Tahadhari ni kwamba beta-kriptoksanthini nayo ni 553. Epoksidi hudondosha 80, na hiyo ndiyo alama ya kuitafuta.

Molekyuli ikiendelea kuvunjika hutoa vipande vidogo vinavyoruka. Beta-ayononi ndiyo inayojulikana zaidi, na inahusishwa na harufu ngeni ya viazi vilivyokaushwa muda mrefu. Hiyo haikai kwenye HPLC vizuri. Hunaswa kwa kromatografia ya gesi, kutoka kwenye hewa iliyo juu ya unga ndani ya chupa iliyofungwa na kupashwa joto. Masi yake ni 192, na kipande chake kikuu ni 177.

Anayetaka kujua unga wake unadumu kiasi gani asipeleke pakiti moja. Atoe unga wa siku moja, kinu kimoja, augawe: nusu kwenye mifuko ya kawaida anayouzia, nusu kwenye mifuko yenye tabaka la aluminiamu iliyobanwa hewa. Apime siku ya kusaga, mwezi wa kwanza, wa pili na wa nne, na kila mara unyevu upimwe kwa oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, kwa sababu unga hunyonya maji ya hewa na 40 ya gramu yenye unyevu wa asilimia 8 si 40 ya gramu yenye asilimia 13. Maabara iombwe itoe beta iliyonyooka, maumbo ya 13 na 9, na epoksidi, kila moja kwa mstari wake, kwa gramu kavu, pamoja na kiasi kilichobaki kwenye mabaki baada ya mtwango wa mwisho.